Shukrani kwa kaka wa jaketi la kijani, Uwanja wa Sokoine

Kaka uliyekaa jukwaa la mzunguko Jumapili iliyopita, jina lako sikulipata, ndiyo maana nakushukuru hapa mbele za watu.

Nilikuwa na binti yangu wa miaka 9, amevaa jezi ya wageni. Dakika za mwisho mchezaji mmoja wa wenyeji alimtukana mwamuzi, akala kadi nyekundu, kama Sheria ya 12 ya soka inavyotaka. Badala ya kutoka kimya akapiga teke chupa za maji na kulipungia mikono jukwaa, na hasira zake zikatuhamia. Chupa ya kwanza ilitua miguuni pa mwanangu. Vijana wakamwamuru avue jezi. Mtoto!

Wewe ni shabiki wa wenyeji, skafu ilikuwa shingoni. Ulishuka ngazi, ukasimama kati yetu nao, ukasema, "Huyu ni mgeni wetu. Anayetaka kurusha, anirushie mimi." Hukutukana wala kusukuma mtu. Kisha, na baridi ile ya Mbeya, ukavua jaketi ukamfunika binti. Hukumwambia avue jezi yake. Hilo ndilo lililonigusa zaidi. Ukatupitisha hadi getini, ukamweleza askari yaliyotokea, ukasubiri mpaka tukapanda bajaji ya Kabwe. Pesa ya soda uliikataa.

Katika haraka ile tuliondoka na jaketi lako. Limefuliwa, mechi ijayo tutakaa palepale, tukungoje. Nanyi mnaokwenda uwanjani wikiendi hii, mkimwona mtoto wa jezi nyingine, msogeleeni mapema.

Ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kaka.