Mti unaolindwa hufia chini ya kabro

Mhariri,

Novemba 2020 mti wa mugumo wa Waiyaki Way, pale Westlands, ulinusurika kwa amri ya rais, ukaachwa mahali pake wakati barabara ya Expressway ikijengwa. Tangu hapo, mti wa kulindwa ukitajwa Nairobi watu huwazia msumeno. Lakini miti mingi ya mitaa ya Kileleshwa, Lavington na Kilimani huuawa na ujenzi ingali imesimama, bila tawi kuguswa.

Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inaruhusu mti kutangazwa katika gazeti la serikali kuwa umelindwa. Tangazo hilo halizuii lori la kokoto. Sehemu kubwa ya mizizi inayofyonza maji haishuki chini kama wengi wanavyodhani. Imo katika sentimita 60 za juu, na huenea kupita kivuli cha matawi. Malori yakipita hapo mvua ikiwa imenyesha, udongo wetu mwekundu hushikana kama tofali, hewa na maji visipenye. Udongo wa msingi hurundikwa kwenye shina na gome huanza kuoza. Karai la saruji huoshewa papo hapo. Mwishowe kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika chini, hupangwa hadi kwenye gome, eti papendeze.

Miaka miwili mitatu baadaye vilele vinakauka. Kontrakta alishaondoka zamani. Mwenye ploti anaomba kibali cha kukata mti hatari, naye anapewa, maana kweli umekuwa hatari.

Kinga yake ni kazi ya asubuhi moja. Zungusha futi ya kupimia kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini. Gawanya kipimo kwa 3.14 upate kipenyo, kisha zidisha kwa 12: huo ndio umbali wa kuachwa kila upande. Shina lenye mzunguko wa mita 2 linadai takriban mita 7.6. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina upana wa mita 15.2, kwa hiyo mti huo ukiwa katikati, duara lake linagusa ua wa huku na wa kule. Ndiyo sababu vipimo vichukuliwe kabla msanifu hajachora. Wakati mwingine jengo litabidi lipungue, na hilo heri lisemwe mapema.

Duara lizungushiwe mabati na nguzo zilizochimbiwa. Utepe wa plastiki hauzidi siku mbili. Ndani ya duara pasiwekwe mchanga, chuma wala kibanda cha mlinzi.

Bomba au kebo ikilazimika kupita humo, mtaro uchimbwe kwa mkono. Mzizi mwembamba kuliko sentimita 2.5 ukatwe kwa msumeno mkali. Mnene uachwe, bomba lipite chini yake. Mizizi iliyo wazi ifunikwe kwa gunia lililoloweshwa hadi mtaro ufukiwe. Tingatinga huirarua, na kuvu hupata njia.



Ombi letu kwa kaunti ni dogo. Afisa wa misitu hukagua mti kabla ya kibali cha kukata kutolewa. Basi aje pia kabla ya lori la kwanza kuingia, akute duara limechorwa kwenye ramani iliyoidhinishwa na mabati yameshasimama. Bila hayo, kazi isianze.

Na pale kabro ilipokwisha kufika kwenye gome, ing'olewe kwa mkono, udongo uliorundikwa uondolewe hadi pale shina linapoanza kutanuka kuwa mizizi, kisha yatandazwe majani makavu au vipande vya matawi, unene wa sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina.

Watunza miti,
Kileleshwa, Nairobi