Mwanafunzi wa cherehani aanze na mfarishi wa kitanda cha mdoli

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme na mafundi wenzangu wa cherehani hapa Tanga, na wazazi wanaotuletea watoto wajifunze kazi. Ombi langu ni moja tu, mwanafunzi kabla hajapewa nguo ya mteja apewe kwanza ashone mfarishi wa mdoli, yani lile tandiko la viraka, ila dogo kabisa, la kutandika kwenye kile kinyumba cha mdoli chenye chumba na kitanda chake. Najua wapo watakaosema huo mchezo wa watoto, lakini mi nimefundisha kwa njia ya zamani na nimefundisha kwa hii, na hii ndo naona inatoa fundi.

Sasa hivi hali ikoje? Binti anakuja kibarazani pale Ngamiani, anakaa miezi anafagia, anatumwa uzi, anashona vifungo na kukunja pindo, alafu ikifika wiki ya Idd fundi amezidiwa na kazi anamsukumia gauni la mtu, hapo ndo anaanza kujifunza na kitambaa cha mteja ndo kinacholipa ada. Wengine wanawapa karatasi wafuate mistari bila uzi, sio mbaya, ila karatasi haivutiki, haitelezi, haina hanamu, yani ule mshazari unaovutika, kwahiyo inakufundisha mguu na pedeli basi. Na huku chini ya kila meza pana lundo la vipande vya khanga, vitenge, poplini, jioni vinachomwa. Vile vipande ndo darasa lenyewe jamani.

Kinachonivutia zaidi ni hesabu yake. Vyumba vya mdoli vinavyotengenezwa kwa makini vingi vinafuata kipimo cha moja kwa kumi na mbili, maana yake futi moja ya kweli inageuka inchi moja. Na sisi vitanda vyetu tumeshazoea kuvitaja kwa futi, nne kwa sita, tano kwa sita, sita kwa sita, kwahiyo hata kikokotoo hakihitajiki, tano kwa sita ya mdoli ni inchi 5 kwa 6 na mtoto anaelewa hapo hapo. Kitanda na godoro vikiwa na kimo cha futi 2 toka sakafuni, cha mdoli ni inchi 2, basi ukiacha mfarishi uning'inie inchi moja na nusu kulia, kushoto na miguuni unapata upana inchi 8 na urefu inchi 7 na nusu.

Kiraka cha inchi 6 cha mfarishi wa kweli hapa kinakuwa nusu inchi. Kwa kawaida kwenye viraka tunaacha robo inchi ya mshono, ila hapa ukiacha robo huku na robo huku, kitambaa kilichofichwa ndani kinakuwa sawa na kile kinachoonekana nje, mfarishi unajaa mishono mitupu, kwahiyo inaachwa nusu ya robo na kiraka kinakatwa robo tatu ya inchi. Vinaingia 16 kwa upana na 15 kwa urefu, yani viraka 240, na hakuna mtu mwenye akili yake anakata 240 kimoja kimoja. Unakata mikanda ya robo tatu inchi, unaiunga rangi hii rangi hii, unapiga pasi, alafu unakata tena kwa kukingamisha robo tatu robo tatu, unapata mikanda ya viraka vilivyokwisha kuungana, mmoja unauacha mmoja unaugeuza ili rangi zipishane, unaunga tena. Kwa anayeanza kabisa mpe viraka vya inchi moja, hivyo vya nusu vitakuja.

Sasa tazama kwenye ile mishono. Upana wa viraka 16 una mishono 15. Mwanafunzi akila milimita moja tu zaidi kwenye kila mshono, anakuwa amekula pande zote mbili, milimita 2, mara 15 ni milimita 30, sentimita 3 zimepotea kwenye kitu cha sentimita 20! Kwenye gauni lenye mishono minne kosa hilo hilo ni milimita 8, fundi unalipitisha na mteja anaondoka nalo. Kwenye mfarishi wa mdoli halipiti, linaonekana hata ukiwa umesimama mlangoni, mistari haikutani. Binti mmoja ninayemfundisha sasa hivi alimaliza kuunga, akautandaza mezani, akaniambia, "Mama, hapa pamekimbia," akachukua kiwembe akaanza kufumua. Mi sikuwa nimesema neno. Nguo ya mtu huwezi kumruhusu afumue mara tatu, kitambaa kitachoka, lakini vipande vya chini ya meza afumue anavyotaka.

Kuhusu kitambaa, sio kila kipande kinafaa na hapa pia kuna elimu. Khanga nyingi mji wake, yani ile sehemu ya katikati, una mchoro mkubwa, mchoro mmoja wa korosho unafunika kitanda kizima, kwahiyo mwanafunzi anajifunza kuchagua, akate sehemu zenye vidoadoa vya pindo, au kisutu ambacho vialama vyake ni vidogo. Kitenge kipya kile kikavu hapana. Melimeli nzuri, voili iliyobaki kwenye dera nzuri, na bora kuliko vyote kwa maoni yangu ni khanga iliyofuliwa mpaka imelainika, hiyo ina utii. Ndani usijaze sufi wala pamba ya mto, maana ujazo wa sentimita moja kwa kipimo hiki ni kama umeweka sentimita 12, hilo sio tandiko tena ni godoro juu ya godoro. Weka tabaka moja tu la khanga kuukuu kati ya juu na chini, au usiweke kitu.

Shida kubwa itakayomkuta kila mtu ni mfarishi kukataa kulala kitandani. Mfarishi wa kweli una uzito, ukiutupa kitandani unashuka wenyewe pembeni, ila huu mdogo hauna uzito wakati ukakamavu wa kitambaa haukupungua, kwahiyo unasimama pembeni kama bati. Dawa yake, kwanza fungua mishono yote kwa pasi, nusu huku nusu huku, isilaliane upande mmoja, na pasi ukandamize usiburuze maana ukiburuza viraka vinavutika. Pili ukingo usiuzungushie ukanda, ukanda unafanya pembe nene, shona kama foronya, uso kwa uso, acha mdomo mdogo, geuza, ziba kwa mkono. Alafu chemsha uji mwepesi wa wanga wa muhogo, funika kitanda kwa kipande cha nailoni ile ya kufunikia madaftari, chovya mfarishi, ukamue, utandike, pembeni uvute kwa pini ukae unavyotaka, uache mpaka kesho. Ukikauka unatoa pini na nailoni, unabaki umelala kama wa mtu mzima.

Cherehani yenyewe ni ile ile, tena hizi za kukanyaga ambazo vijana wanazidharau ndo zinafaa zaidi, kwasababu zinashona mstari mmoja tu na tundu la sindano kwenye kibati chake ni dogo, haimezi kitambaa. Weka sindano namba 9, ukikosa 11, hatua ya mshono punguza iwe kama milimita moja na nusu, na mwanzo wa kila mshono weka kikaratasi cha daftari chini alafu ukichane baadaye. Msitumie gazeti, wino unashika kwenye nguo nyeupe.

Na wale wa kusema ni mchezo wa watoto niwaambie, Windsor kule Uingereza ipo nyumba ya mdoli ya Malkia Mary iliyokamilika mwaka 1924, kipimo ni hicho hicho cha moja kwa kumi na mbili, ina maji ya bomba na umeme, na waliofanya kazi ile ni mafundi wakubwa wa wakati wao. Ila mi kinachonigusa zaidi kiko karibu na sisi. Karnataka, India, wapo Wasidi, watu ambao asili yao ni Afrika, wanawake wao wanashona mifarishi ya viraka vya nguo kuukuu inaitwa kawandi, kwa mkono, wanaanza ukingoni wanazunguka kuingia kati, bandi kwa bandi, ule mshono mrefu wa mkono, mpaka wanakutana katikati. Mwanafunzi akishamaliza wa cherehani mimi namshonesha na mmoja mdogo kwa namna ya kawandi, maana mkono nao unataka shule yake, na siku hizi naona mafundi vijana wakikatikiwa umeme wanakaa tu.

Kwahiyo nawaomba mafundi wa Ngamiani, Makorora, Mabawa, na walimu wa ushonaji VETA na vyuo vingine, mjaribu kwa mwanafunzi mmoja tu. Kitanda seremala yeyote atakukatia kwenye mabaki ya mbao, na wao wanafunzi wao wangefaidika kwa kipimo hicho hicho. Mzazi nae unapomleta mtoto usiulize tu lini ataanza kushona magauni, omba uoneshwe mfarishi wake, geuza nyuma utazame mishono.

Nawe Mhariri, kiolezo nimekichora, mraba wa robo tatu inchi, mraba wa inchi moja na robo kwa wanaoanza, na ramani ya kitanda. Mkikubali kukitoa kwenye ukurasa wenu wa familia nitakileta, ila tafadhali sana kichapwe kwa ukubwa wake kamili, kisipunguzwe kikae kwenye safu, na pembeni mweke mstari wa inchi moja ili msomaji apime kwa futi yake kabla hajakata.

Fundi cherehani,
Makorora, Tanga