Antibaiotiki haziwezi kushika nafasi ya mikono safi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wetu wa Mombasa wanaoanza kulea seli maabara, yaani kuzikuza ndani ya chupa nje ya mwili, manake kuna tabia inaniumiza roho sana. Chupa ikiingia uchafu mtu anakimbilia kuongeza antibaiotiki, basi karidhika. Jamani hiyo haiponyi, inaficha tu. Kuna kidudu chaitwa maikoplazima, hakina ukuta wa seli kwa hivyo penisilini haikigusi kabisa, ni kidogo mpaka chapenya chujio la maikroni 0.2, na midia, yale maji ya chakula cha seli, haivurugiki, ukichungulia kwa darubini ya kawaida huoni kitu. Seli zaendelea kukua, wewe waandika majibu, na majibu yenyewe ya uongo, hujui mpaka siku upime kwa PCR, kipimo cha kusaka DNA ya kidudu.

Mimi yalinikuta. Maabara niliyoanzia kazi tulimwaga kila kitu, kazi ya miezi mitatu, na hakuna chupa hata moja iliyokosa dawa. Tangu hapo nalea seli bila antibaiotiki, bakteria wakiingia kesho yake midia ishageuka njano na imechafuka, naona, natupa, natoa akiba ya seli iliyogandishwa kwenye naitrojeni ya maji naanza upya. Ndio maana ukipokea seli mpya gandisha akiba kwanza, mambo mengine baadaye.

Halafu huku kwetu kuna kuvu. Unyevu wa pwani mwaujua, na inkubeta, kabati la kuwekea seli, ni joto 37 na trei ya maji humo humo ndani, kuvu itake nini tena? Osha trei kila wiki, tia maji safi yaliyopikwa kwa presha, maboksi ya karatasi yasiingie chumba hicho, eisi isipulize kwenye mdomo wa hudi, lile kabati la hewa safi tunalofungulia chupa. Spiriti iwe ya asilimia 70, ile kali ya 95 yakauka kabla haijaua.

Na msifungue seli za aina mbili pamoja. HeLa, zilizotoka kwa Henrietta Lacks kule Marekani 1951, zakua kwa kasi mpaka zimevamia chupa za maabara nyingi duniani, watu wakatafiti seli wasizokuwa nazo.

Walimu nanyi nawaomba, mwanafunzi mgeni mpeni midia tupu kwanza, aihudumie kama ina seli, bila dawa, ikae inkubeta siku tatu. Ikibaki safi ndio mumpe seli.

Fundi wa maabara,
Tudor, Mombasa