Mtoto mwenye malaria kali apimwe na sukari

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu malaria kali. Kila msimu wa mvua husomwa mengi juu ya vyandarua na madimbwi, lakini sukari iliyomo katika damu ya mtoto mgonjwa haitajwi sana.

Kimelea cha malaria ni kiumbe cha seli moja, na kikishaingia ndani ya chembe nyekundu ya damu hakina akiba ya chakula, hivyo hula sukari ya mgonjwa usiku na mchana, hata chembe iliyovamiwa ikatumia glukosi makumi ya mara kuliko chembe isiyovamiwa. Ulafi huo una sababu: seli zetu nyingi huiunguza glukosi kwa oksijeni mpaka mwisho na kupata takribani molekuli 30 za ATP, yaani kemikali inayobeba nishati ya seli, ilhali kimelea huishia njiani, kikapata 2 tu na kutoa asidi ya laktiki. Asidi hiyo ikizidi, mtoto huhema haraka na kwa kina, na wazazi hudhani ni nimonia.

Hata hivyo kimelea hakistahili lawama zote za sukari kushuka, kwa kuwa mtoto huyo pengine hajala tangu jana, anatapika, na ini lake limeshindwa kutengeneza sukari mpya ya kutosha. Zamani tulizidisha balaa kwa kwinini, dawa ya malaria ambayo huchochea kongosho kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari. Utafiti wa mwaka 2010 kwa watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, ulionyesha vifo vya asilimia 8.5 kwa waliochomwa artesuneti, dawa nyingine ya malaria, dhidi ya 10.9 kwa waliopewa kwinini, na sukari kushuka kulipungua pia.

Ombi langu ni kwamba mtoto anayefikishwa zahanati akiwa na degedege au amepoteza fahamu, kidole kinapotobolewa kwa kipimo cha malaria, tone jingine lipime sukari. (Vijiti vya kipimo hicho visihesabiwe kuwa mali ya kliniki ya kisukari peke yake.) Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, kiwango kisichofika milimoli 3 kwa lita ni cha hatari na hutibiwa kwa dekstrosi (maji ya glukosi) ya mshipani; mshipa usipopatikana, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu kijiko cha chai cha sukari, iliyoloweshwa kwa matone ya maji, kiwekwe chini ya ulimi wakati rufaa ikiandaliwa.

Mfamasia mstaafu,
Muheza, Tanga