Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayekwenda Ujerumani kutazama kazi za watu

Mdogo wangu mpendwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku Wete hatujambo, na wazee wanakuombea dua kwa safari iliyo mbele yako. Uliponiuliza kwa simu ni mambo gani uyatazame utakapofika Ujerumani katika ziara ya kubadilishana wataalamu, nilikuahidi jawabu la maandishi. Nimeamua kuliandika wazi kwa kuwa Mji wa Zanzibar na mji wa Potsdam ni miji ndugu tangu mwaka 2017, na walimu wa amali watakaofuata njia yako pengine watakuwa na suali hilo hilo.

Niseme mapema ninachokiamini. Kitu cha thamani kuliko vyote utakachokikuta huko ni mkataba baina ya mwenye karakana na kijana anayejifunza kwake. Wageni wengi hupita karakana moja baada ya nyingine wakipiga picha za mashine, na wakirudi nyumbani huandika ripoti ya kuomba mashine. Mashine nzuri zipo, sikatai, na baadhi yake hata sisi tunazo vyuoni. Lakini mashine haimfundishi mtu. Anayefundisha ni fundi aliyekubali, kwa maandishi na kwa sahihi yake, kwamba kijana huyu ni dhamana yake hadi siku ya mtihani.

Nitakupa mfano wa karakana ya useremala, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nilipokwenda huko Ujerumani, tulipokewa na mwenye karakana, mama mmoja wa makamo mwenye mafundi wachache na wanagenzi wawili. Baada ya kutembezwa, niliomba nizungumze na mwanagenzi wa mwaka wa kwanza, naye akanionyesha daftari lake, ambamo huandika kazi alizofanya karakana na masomo aliyosoma skuli, na msimamizi wake hulipitia na kulitia sahihi. Asiyelikamilisha daftari hilo hakubaliwi kufanya mtihani wa mwisho. Kurasa za mwanzo zilieleza kuranda kwa mkono na kuchonga viungo kwa patasi, kwani mwanagenzi wa useremala huko haachiwi misumeno ya mashine mpaka apite kozi maalumu ya usalama wa mashine za mbao. Nilipolisikia hilo niliwakumbuka vijana wetu waliopoteza vidole kwenye mashine za kupasulia mbao, ambao wengi wao hawakufundishwa na yeyote: walisimama pembeni wakatazama, na siku mwenye mashine alipokuwa hayupo, wakaanza.

Mpango huo wa mafunzo umesimama juu ya sheria ya mafunzo ya kazi ya mwaka 1969, ambayo imekuwa ikirekebishwa kadiri ya mahitaji. Kazi zinazotambuliwa ni zaidi ya 320, na kila moja ina utaratibu mmoja wa mafunzo kwa nchi nzima. Useremala ni miaka 3, na umeme, ambao ndio fani yako, ni miaka 3 na nusu. Mkataba hutaja muda wa mafunzo, saa za kazi, likizo na posho, pamoja na kipindi cha majaribio kisichopungua mwezi 1 wala kuzidi miezi 4; kikisha kipindi hicho, mwenye karakana hawezi kumwondoa mwanagenzi ila kwa sababu nzito. Aliye chini ya miaka 18 hafanyi kazi zaidi ya saa 40 kwa wiki. Tangu mwaka 2020 posho ina kima cha chini kilichowekwa kisheria, ambacho kilianza na euro 515 kwa mwezi kwa mwanagenzi wa mwaka wa kwanza, na hupanda kadiri anavyoendelea na mafunzo.

Skuli ni nusu ya pili ya habari hii, na nakuomba usiipite haraka. Mwanagenzi huenda skuli siku 1 au 2 kwa wiki, au hukusanyiwa wiki kadhaa mfululizo, na siku zilizobaki yuko kazini. Tulikaa nyuma ya darasa la useremala siku waliyosomeshwa unyevu wa mbao na namna ubao unavyotanuka kwa upana zaidi kuliko kwa urefu. Mwalimu hakuwa na haja ya kubuni mifano. Aliwauliza wanafunzi nini kimewasumbua karakana wiki iliyopita, na kijana mmoja akaeleza mtoto wa meza aliyegoma kufunguka baada ya kufikishwa nyumbani kwa mteja. Somo zima likajengwa juu ya meza hiyo, hesabu zake zikafanywa ubaoni, na kijana akarudi kazini akijua kilichotokea. Mimi nimefundisha unyevu wa mbao kwa miaka mingi, na sijawahi kuona darasa likiusikiliza kwa hamu namna ile.

Jambo jingine lililonishughulisha ni kwamba fundi naye hupimwa katika kufundisha. Anayetaka cheo cha fundi mkuu hufanya mtihani wenye sehemu 4, na mojawapo ni elimu ya malezi ya kazi: vipi kupanga mafunzo, vipi kumsahihisha kijana, nini haki zake. Mtihani wa mwanagenzi wenyewe husimamiwa na chemba ya mafundi, yaani chombo rasmi cha mafundi wa eneo, ambacho Wajerumani hukiita Handwerkskammer, na Potsdam ina chemba yake. Seremala hutengeneza kitu chake cha mwisho kwa mikono yake, kwa mchoro alioubuni mwenyewe, na kitu hicho hupimwa na watahini ambao miongoni mwao wamo waajiri, wafanyakazi na mwalimu wa skuli. Akifaulu hupewa cheti kinachotambuliwa nchi nzima.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mjomba wetu. Unajua kwamba baada ya Mapinduzi ya 1964 Ujerumani Mashariki ilisaidia kujenga majumba ya Kikwajuni na Kilimani kule Unguja, na kwamba Potsdam ilikuwa upande huo wa Mashariki. Mjomba alishika mwiko kwa mara ya kwanza katika ujenzi wa zama zile, akawa fundi ambaye watu walimfuata kutoka mbali, na alifariki bila ya kuwa na karatasi hata moja inayosema kwamba yeye ni fundi. Walipokuja wakandarasi wakitaka vyeti, walimpa kazi ya kubeba zege. Allah amrehemu.

Sisi uanagenzi hatukuukosa. Nenda ufukwe wowote wa Pemba wanakounda madau na ngalawa, utamkuta kijana anayemfuata fundi wake kwa miaka, anajifunza kuchagua mti, kuutazama mkunjo wake, kutia kalafati, na adabu ya kazi pia. Dhamana ya fundi ipo, na pengine ni nzito kuliko ya mkataba, kwa sababu mara nyingi kijana ni mtoto wa ndugu au wa jirani. Kinachokosekana ni mwisho unaojulikana: kijana hajui lini atahesabiwa fundi, wala nani nje ya kijiji atamwamini. Kwa upande wa pili, vyuo vya amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji vinatoa vyeti, lakini chuo peke yake hakiwezi kumpa kijana miaka ya kuwa karibu na fundi mzoefu. Niliwahi kumfuatilia mwanafunzi katika mazoezi ya kazini, kwenye karakana moja nisiyoitaja, nikamkuta tangu alipofika kazi yake ni kufagia vumbi la randa na kupokea mizigo. Mwenye karakana alikuwa mtu mwema, na alinijibu kwa ukweli kwamba hakuna aliyemwambia amfundishe nini. Barua tuliyomletea ilimwomba ampokee tu.

Si kila kitu cha huko kinatufaa. Watoto wao hutenganishwa mapema kwa aina za skuli, katika majimbo mengi baada ya darasa la 4, na Brandenburg, jimbo ulimo mji wa Potsdam, baada ya darasa la 6. Mimi siamini kwamba mtoto wa umri huo amekwishaonyesha atakuwa nani. Posho ile ya euro karakana zetu haziwezi kuitoa, na itabidi tutafute njia nyingine, hata ikiwa ni nauli, chakula cha mchana na vifaa vya mkononi ambavyo kijana atabaki navyo. Kalenda nayo iwe ya kwetu: anayepanga mtihani wa Pemba katikati ya msimu wa karafuu atawakuta watahiniwa wako juu ya mikarafuu, na wana haki yao, kwani pesa ile ndiyo inayolipia sare na ada za wadogo zao.

Kwa hiyo utakapofika, waombe wenyeji wako wakupeleke zaidi kwenye karakana ndogo kuliko viwanda vikubwa, kwa sababu karakana ya mafundi watano inafanana na zetu. Zungumza na wanagenzi, na uwaulize hufanywa nini mtu anapoharibu kazi ya mteja. Muulize mwenye karakana kwa nini anakubali gharama hii yote. Aliyenipokea mimi alinijibu kwamba mafundi wake wawili bora alianza nao wakiwa wanagenzi.

Nina ombi la mwisho, nalo ni la kazi. Niletee nakala tupu ya mkataba wa uanagenzi, kurasa chache za daftari la mwanagenzi, na utaratibu wa mafunzo wa fani ya umeme, tuvitafsiri pamoja. Tena, chemba zina washauri wa mafunzo ambao huzitembelea karakana, husuluhisha fundi na mwanagenzi wakigombana, na hukagua kama mahali pale panafaa kufundishia. Muombe mmoja wao akuchukue katika ziara yake ya siku nzima, na uandike kila anachouliza. Mafundi wa hapa Wete na wa Chake Chake niliozungumza nao wako tayari kutia sahihi mkataba na vijana wachache kwa majaribio, nao wameshaniuliza nani atakayekuja kuwatembelea. Nimewaambia tutamwandaa mtu huyo wewe na mimi utakaporudi inshallah.

Wasalaam,
Kaka yako, Wete, Pemba