Kutandikana kwenye komedi nako ni kazi

Mhariri, salaam nyingi kutoka Mwanga, Kigoma. Naomba kanafasi nimjibu yule msomaji wa Tabora aliyesema komedi za kuanguka anguka na kupigana makofi ni ujinga wetu sisi, eti Waingereza wanachekesha kwa akili. Ndugu yangu, Waingereza gani hao?

Kuna jamaa wawili, Rik Mayall na Adrian Edmondson, walikutana Chuo Kikuu cha Manchester miaka ya 70 wakisomea drama, 1982 wakatokea BBC kwenye komedi ya TV ya The Young Ones halafu 1991 wakaja na nyingine, Bottom, waliyoiandika wenyewe, na hiyo ndo balaa lenyewe. Mabachela wawili, Richie na Eddie, kazi hawana, hela hawana, mwanamke ndo kabisaaa, wamebanana kwenye kaflati kachafu Hammersmith, London, na shughuli yao kutwa ni kutandikana. Kikaango cha uso, mlango wa friji kichwani, vidole vya macho. Hakuna mafunzo wala ujumbe kwa jamii. Na hawa hawa, mwaka huohuo wa 1991, walipanda jukwaani London kuigiza Waiting for Godot, ile tamthilia nzito ya Samuel Beckett, sasa sema tena hawana akili.

Banda la video la hapa mtaani waliwahi kuweka vipande vyao kabla ya mechi, hakuna aliyetafsiri hata neno moja, wavuvi wakacheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua, na mama muuza karanga akachungulia mlangoni akauliza, "Huyo naye hajafa tu?"

Ukiangalia vizuri utaona kofi lenyewe halichekeshi. Eddie akilambwa kikaango hadondoki hapohapo, anasimama kidogo, anamkodolea mwenzake macho kama anadai chenji, ndo anakwenda chini. Hapo lazima mjuane na muaminiane, mmoja akiwahi kidogo tu mnaumizana kweli. Na wakajuana kwelikweli maana Bottom waliizungusha jukwaani mpaka 2003. Mayall alifariki 2014 akiwa na miaka 56.

Vijana wetu wa klipu za simu ndo wanaponiudhi, hapo nipo na wewe msomaji wa Tabora. Leo kacheza na huyu kesho na yule, mazoezi hakuna, kofi halijafika mtu kashalala, halafu wanafunikia na zile sauti za kwenye simu, toing toing, basi imekuwa komedi. Marehemu Mzee Majuto alikuwa anageuka tu kukutazama unacheka, alikuwa na toing gani?

Kwa hiyo ndugu, tafuta ile episodi ya Bottom ya 1995 wamekwama juu kwenye gurudumu kubwa la bembea, watu wawili tu na kiti, hakuna pa kukimbilia, nusu saa nzima. Usipocheka andika tena hapa hapa gazetini, migebuka nakutumia mimi na nauli ya mzigo nalipa.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma