Barua kwa mwanangu kabla hajapanda Kitonga

Mama,

Marahaba. Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara tatu, na mara zote nimekwama palepale: umeijaribu Kombi hadi Mikumi, injini imechemka, taa ya oili imepepesa uliposimama, na bado unataka kupanda Kitonga, mlima ule mkali wa njia ya Iringa, Jumamosi na vyombo vyako vyote. Usipande. Sababu nitakupa, lakini neno lenyewe ni hilo.

Unasema fundi wa hapo Morogoro aliunga waya uliokuwa unaning'inia karibu na distribyuta, na tangu hapo taa ikaanza kuwaka, ukadhani kaharibu. Usimlaumu. Waya ule ni wa taa ya oili, na haukuchomoka wenyewe. Taa ilianza kupepesa mwaka ule wa mwisho nilipokuwa nabeba machungwa ya Muheza, na fedha ya kushusha injini haikuwepo, ada yako ya chuo ilikuwa inadaiwa. Siku unaondoka na gari ilinipasa nikwambie.

Sasa sikiliza. Joto na presha ndogo ya oili usivitibu kama magonjwa mawili. Gari hili halina rejeta wala tone la maji. Linapozwa na upepo wa feni na hiyo oili yake, lita mbili na nusu tu. Oili ikipata moto sana inakuwa nyepesi, presha inashuka, beringi za krenki zinakosa utando wa kuelea juu yake, zinasagana, na joto linaongezeka tena. Ndiyo maana kuongeza oili nzito na kuondoka, kama ulivyoshauriwa, ni kuficha tu. Mimi nilificha kwa waya.

Anza asubuhi injini ikiwa baridi. Vuta kijiti cha oili, na usiishie kuangalia alama. Kinuse. Isugue oili kwa kidole gumba na cha shahada. Ikinuka petroli, na kimo kimepanda bila wewe kuongeza, basi kiwambo cha pampu ya petroli kimetoboka na petroli inateremkia kwenye oili. Hapo usiwashe hata kidogo. Pampu kwanza, halafu umwage oili yote.

Kama hainuki, tafuta geji ya presha ya oili, ya kuazima inatosha. Fungua swichi ile yenye waya, funga geji mahali pake. Usiiamini taa peke yake: inawaka presha ikishashuka hadi kama paundi 5 kwa inchi ya mraba, yaani imechelewa, na ikizima haina maana kwamba uko salama. Endesha nusu saa mpaka injini ipate moto kweli, kisha ikanyage ifike mizunguko 2,500 kwa dakika. Nataka nione paundi 28 au zaidi. Chini ya hapo, Kitonga hupandi.

Ikiwa chini, kabla mtu hajakwambia ushushe injini, lala chini ya gari. Upande wa kushoto, karibu na puli, kuna skrubu kubwa yenye mfereji mpana. Ndani yake mna springi na pistoni ndogo. Asubuhi oili ikiwa nzito, pistoni inasukumwa chini na oili inapita bila kuingia kwenye kipozeo chake. Uchafu ukiinasisha hukohuko chini, oili haipoi tena na presha inavuja: unapata joto na presha ndogo kwa pamoja, kama unavyoeleza wewe. Itoe, isafishe kwa petroli, iteleze kwa uzito wake. Nina matumaini makubwa na hiyo.

Halafu upepo. Bonyeza mkanda wa feni kwa gumba, uingie kama sentimita moja na nusu. Ukikatika, taa ya chaji itawaka. Zima palepale, maana feni imesimama. Angalia pia ule ukanda wa raba unaoziba kati ya mabati ya injini na bodi. Ukikosekana, feni inavuta hewa ya moto kutoka chini kwenye ekzosi. Hili nilikuonyesha ukiwa kidato cha nne, na ulikuwa unatazama simu. Kipande cha nyuma nadhani kiko huku stoo. Nilikitoa nilipobadilisha klachi.

Mwisho kabisa shika puli kwa mikono miwili, isukume na kuivuta. Ikigonga tak, tak, beringi zimekwisha, na hakuna ujanja mwingine.

Kitonga siyo barabara ya kujaribia. Utakuwa nyuma ya malori, mwendo wa konokono, jua la saa nane. Ukifika wakati wake, panda alfajiri, na usiiburuze kwa gia kubwa. Feni inazunguka kwa kadiri injini inavyozunguka. Lakini namba kwanza.

Pale kijiweni wananiuliza ni binti gani huyo anayehamia Iringa na Kombi ya mwaka 1974, anafunga tapeti mwenyewe. Nawaambia ni wangu. Kwa hiyo usinifanye nipigiwe simu na dereva wa lori.

Mama yako anauliza kama ulichukua sufuria kubwa ya pilau, haionekani. Goti lake limepungua uvimbe. Bati la jikoni bado linavuja, nimeweka ndoo. Mdogo wako anahitaji viatu vya shule. Mwezi huu usitume kitu, hela hiyo nunua geji.

Raba nitaipa basi la kesho asubuhi. Ukishapima nitumie namba mbili, ya injini baridi na ya moto. Simu nitakaa nayo.

Baba yako,
Korogwe